Picha Tuliyoitazama na Wakwe

Kuna Jumapili moja ya mvua, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia huja kama ndoto ya mchana. Sauti zake nazisikia kwa mbali, kama zinatoka chumba cha pili, na nyuso za watu wake zina ule mwanga wa buluu wa televisheni. Nakumbuka mvuke uliotanda kwenye vioo vya madirisha. Nakumbuka hita ikinguruma taratibu, na harufu ya kisamvu ikiwa bado sebuleni ingawa sahani zilikwisha ondolewa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, sina hata unywele mmoja mweupe, na siku hiyo nilikuwa naposwa.

Nimeikumbuka kwa sababu yako, Aline. Juzi ulikaa hapa jikoni kwangu ukanisomea kwenye simu maoni ya watu kuhusu kichekesho kimoja cha zamani cha Waingereza, sehemu ya pili, kile cha nyumba ya wageni kando ya bahari. Mmoja ameandika kwamba alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Mwingine anasema ni uchafu mtupu. Wa tatu analalamika tu kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa bora. Ukaniuliza, "Mama Mkubwa, wewe ungeandika nini?" Nikajifanya nakoroga sufuria. Haikuwa na cha kukorogwa. Mwanangu, picha hiyo nimeiona, na maoni yangu nilikwisha yatoa mbele ya watu.

Ngoja nikueleze, maana na wewe umeanza kutuletea kijana nyumbani.

Tulikuwa bado wageni Sydney, Australia. Tulitoka kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, Baba na shangazi yetu Perpetua na mimi na mama yako, aliyekuwa bado mtoto wa shule. Tukapewa nyumba Campbelltown. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na koti moja tu la heshima. Aliyekuja kuposa alikuwa Deo. Ndiyo, Deo huyuhuyu, baba yako mkubwa, unayemwona pale nje akizungumza na miche yake ya nyanya. Nyinyi watoto mnadhani tulionana tukapendana, basi. Siku ile mimi nilimkataa.

Alitoka Quakers Hill, safari ndefu ya treni, pamoja na baba yake mdogo, Mzee Salvatori. Shangazi alikuwa ameshinda sokoni Cabramatta siku iliyotangulia akitafuta ndizi mbichi na samaki. Walikula, wakasifu. Mazungumzo yenyewe yalipangwa baada ya chai. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, joto la hita lilikuwa tamu, na Mzee Salvatori, kwa umri wake na kwa zile ndizi, akaegemea sofa, akalala.

Usingizi wa mgeni hauvunjwi. Tukakaa kimya tukimngojea, na kwenye ule ukimya tukaanza kuitazama televisheni, ambayo Shangazi huiacha wazi siku nzima akisema inamfundisha Kiingereza.

Picha ilikuwa imeanza. Mwanzoni ni fundi tu, amepanda ngazi kubandika karatasi ukutani, suruali ikamshuka. Shangazi akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo kwa kitenge. Kisha mambo yakaharibika. Wageni wa nyumba ile walianza kuingia vyumba visivyo vyao, milango ikafunguka na kufungwa, akatokea mama mnene mwenye taulo, na taulo halikukaa. Baba akainua macho kwenye dari akayaacha huko huko. Mwanangu, hujui kuona aibu mpaka umekaa na baba yako upande huu na wakwe upande ule, na taulo linaanguka.

"Zima," Baba akanong'ona.

"Rimoti iko wapi?" nikauliza.

Shangazi akaonyesha kwa kidevu. Rimoti ilikuwa imekaliwa na Mzee Salvatori. Na televisheni yetu ilikuwa ya mtumba, kitufe chake kilikwisha vunjika kabla hatujaipata, na plagi ilikuwa nyuma ya sofa alilolalia. Basi tukatulia, kama watu wanaongoja mvua ipite.

Deo akaanza kucheka. Kwanza kidogo, kwa pua, akimwogopa Baba, kisha akashindwa kujizuia. Na mimi, nikuambie kweli, nilicheka naye. Alikuwa na kicheko kizuri. Ulikuwa mchana wa usingiziusingizi, na kwa kitambo nilijiona nikiwa nimekwisha olewa, nimekaa kwenye sofa kama lile, mvua ikiwa nje na kicheko hicho kikiwa pembeni yangu. Nikaona ni maisha ninayoyaweza.

Ndipo akaingia msichana wa kazi. Amebeba sinia la chai. Mgeni mmoja, babu mwenye masharubu, akamshika makalio. Msichana akapiga ukelele, vikombe vikaruka, na watu wale wasioonekana wa kwenye televisheni wakaangua kicheko. Yule babu akamkimbiza kuzunguka meza. Kila akirudi na sinia anashikwa tena, kila akishikwa wanacheka tena. Deo alikuwa anafuta machozi.

Mimi niliacha kucheka.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Palikuwa na mzee mmoja ambaye kila nikimpelekea chai, kila nikimgeuza kitandani, mkono wake uliingia mahali pasipostahili. Nilimwambia msimamizi wa zamu. Akatabasamu, akaniambia nimzoee, hana madhara yule. Wenzangu wakanitania. Nikaanza kuvaa suruali mbili. Nyumbani sikumwambia mtu, kwa sababu Baba alikuwa akijivunia kazi yangu mbele ya kanisa zima. Kumbe mtu anaweza kubeba jambo kwa miezi kadhaa, akapika nalo, akaimba nalo kwaya, halafu kichekesho kikaja kumfunua.

Picha ikaisha. Muziki wake wa mwisho ndio uliomwamsha Mzee Salvatori. Akajinyoosha, akaitoa ile rimoti chini yake, akaitazama kwa mshangao. Kisha, kwa adabu ya mgeni anayetaka kuficha kwamba alilala, akauliza, "Ehe! Ilikuwaje picha?"

Akatuzungukia mmoja mmoja, masikini, akidhani anachangamsha mazungumzo.

Shangazi akasema, "Yule fundi wa ngazi alinifurahisha. Hayo mengine sikuyaelewa Kiingereza chake." Hayakuwa na Kiingereza.

Baba akakohoa. "Ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi," akasema. Tukamgeukia wote. Uso wake ukabadilika rangi. "Niliiona mjini Kigoma," akaongeza polepole, "zamani, kabla sijaokoka."

Tungecheka hapo tukamalizia hapo, na leo nisingekuwa na cha kukusimulia. Lakini Mzee Salvatori akamgeukia Deo, naye Deo akasema kwa furaha, "Mimi nimeipenda. Watu siku hizi hukasirikia kila kitu. Hata yule msichana wa chai mwenyewe alikuwa anafurahia."

"Na wewe, binti?" Mzee Salvatori akaniuliza.

Sikukusudia kusema. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. "Hakuwa anafurahia. Alikuwa kazini."

"Ni picha tu," Deo akasema, bado anatabasamu.

"Mimi hushikwa hivyo hivyo," nikasema. "Kazini kwangu. Mzee mmoja. Na wenzangu hucheka hivyo hivyo."

Shangazi alishika kifua. Na Deo, mwanangu, Deo ambaye hakuwa mtu mbaya, tabasamu lilimtoka, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta pa kukificha kitu kilichomwagika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole. Lakini mambo kama hayo usiyaseme mbele ya watu. Unaiaibisha nyumba."

Pale pale nikajua simtaki.

Mzee Salvatori akaweka rimoti mezani. Sijasahau alivyosema, kwa sababu hakupaza sauti hata kidogo. "Deogratias, mimi nilikuwa nimelala, sikuona kitu. Wewe ulikuwa macho. Mtu ameshikwa mbele yako, ukaona kichekesho. Sasa binti wa watu anakuambia aliyeshikwa ni yeye, unaona aibu. Wewe utaamka lini?" Akasimama, akamwomba Baba msamaha kwa niaba ya ukoo wao, akasema maneno ya posa hayafai kusemwa siku hiyo. Wakatoka na mvua ile ile.

Nilimwambia Baba, "Simtaki." Akajibu, "Nimesikia." Nikadhani amenikasirikia.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni na koti lake la kanisani. Alipanda treni nami, akakaa mapokezini kofia ikiwa magotini, na meneja alipotoka Baba akasimama. Alikuwa na sentensi moja tu ya Kiingereza, aliyokuwa akiinong'ona njia nzima: huyu ni mtoto wangu, amekuja hapa kufanya kazi. Akairudia mara ya pili, taratibu, kisha akanitazama ili niendelee mwenyewe. Nikaendelea. Meneja akafunga mlango akasikiliza. Tangu siku hiyo chumbani kwa yule mzee waliingia wahudumu wawili wawili, naye akaogeshwa na mwanamume. Ni jambo dogo, utasema. Mimi nilianza tena kulala.

Deo hakupiga simu. Zilipita wiki nyingi, nami nilikuwa nimekwisha mfuta moyoni. Ndipo siku moja, baada ya ibada, dada mmoja Mkenya anayeitwa Wambui, aliyekuwa akisafisha kwenye ghala alikofanya kazi Deo, akaniuliza kama Deo si ndiye aliyekuja kuniposa. Akaniambia kwamba pale ghalani, kila akipita na ndoo yake wakati wa mapumziko, wanaume humpigia meza na kumtupia maneno, na Deo alikuwa akicheka nao. Kisha siku moja Deo akasimama. "Acheni. Yuko kazini," akawaambia. Walimgeuzia kicheko yeye. Tangu hapo alikuwa akila chakula chake peke yake, kwenye ngazi za nje.

Deo hakuwa amemtuma. Hakujua hata kwamba tunafahamiana.

Alipokuja Campbelltown tena alikuja peke yake, bila mzee, bila zawadi. Tukakaa kwenye benchi la kituo. "Sikuja kuposa," akasema. "Siku ile hukumaliza kusimulia. Nimekuja kusikia." Nikamsimulia yote. Treni zilikuja zikaondoka, watu wakashuka na kupanda, na yeye alikaa ameinama, hakunikatiza, hakusema pole, hakujitetea. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa unalala?"

Niliolewa naye baadaye sana. Nilimchelewesha, na alikubali kuchelewa.

Basi mwanangu, ninalokuomba ni hili. Usiyaokote maoni ya watu ukayafanya yako kabla hujajiuliza wewe uliona nini, na nani aliyekuwa akiumia huku wengine wakicheka. Ukimtazama kijana wako akicheka mahali ambapo wewe huchekeshwi, usikimbie mara moja. Kicheko humtoka mtu bila kufikiri, naye hucheka alichofundishwa kukicheka. Mwambie, "Hapo mimi naumia." Useme kwa sauti, hata mbele ya wazee. Kisha nyamaza, umwangalie. Akikuambia ufiche, ondoka, hata kama ana kicheko kizuri. Nisingerudi kwa Deo kwa maua wala kwa machozi. Nilirudi kwa sababu alibadilika mahali nisipokuwepo. Na likikupata jambo kazini au popote, usilibebe peke yako kwa kuogopa kutuaibisha. Sisi wazee wako tuna koti, tuna nauli ya treni, tutakuja.

Mungu akutangulie, Aline wangu. Akupe mdomo usioogopa, na siku utakayosema "naumia," awepo mtu wa kuweka chini alichoshika na kukugeukia.