Santuri Mbili za Nyamizi

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Ilikuwa saa saba mchana, jua la mtaa wetu wa Gongoni linachoma mabati, na tumboni nilikuwa na uji tu. Niliyoyaona niliyaona, na majina nitayataja, maana waliohusika bado wanakula na kushiba.

Wa kwanza ni Sadiki Kaponda, kiongozi wa bendi yetu. Wa pili ni mimi, mpiga gitaa wake. Aliyeumia ni Nyamizi, mdogo wangu, mwimbaji. Sauti yake ndiyo iliyotulisha sote.

Mzungu wa kurekodi alikwisha kumrekodi mara moja, akiimba wimbo wa wapagazi. Wimbo huo tulifundishwa na babu yetu, aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani enzi za ujana wake. Zikaletwa santuri mbili za wimbo huo. Siku ninayoisema tulikuwa tunamngoja Mzungu arudi kesho yake.

Sadiki akaazima gramafoni mbili, akaweka santuri zote mbili, akaziachia kwa pamoja. Kisha akabana ukingo wa moja kwa kidole gumba, ikachelewa kidogo tu. Nikueleze vipi? Sauti ya Nyamizi ikaanza kuzunguka kama upepo ndani ya bomba, ikipanda, ikishuka, ikijifukuza yenyewe.

"Kesho Mzungu atarekodi hii!" Sadiki akaruka. "Dar es Salaam watatuita wachawi!"

"Kaka Sadiki, zima," Nyamizi akasema. "Huo ni msafara. Wa mbele wanaimba, wa nyuma wanachelewa."

Nilijua anaogopa nini. Babu alituambia: msafara ukimwacha mgonjwa njiani, siku hiyo haimbi mtu, yule mgonjwa asije akaifuata sauti. Na walioachwa kwenye njia ile ya misafara ya kutoka Ujiji, niamini, ni wengi.

"Acha ushamba, mtoto wewe." Sadiki akabana tena.

Ndipo mtu akasimama mlangoni.

Kijana wa miaka thelathini hivi, kaniki kiunoni, vumbi hadi kwenye kope. Lakini begani alikuwa na sugu nene kama ya babu, sugu ya pembe. Nani anabeba pembe begani siku hizi, na treni ipo? Mguuni alikuwa na kidonda kilichofika mfupa, na nzi hakuna hata mmoja.

"Mlisema mtanirudia," akasema.

Sadiki alidhani ni ombaomba. "Tumerudi, bwana mkubwa! Umetuwekea chakula?"

"Njia ni ndefu. Nipeni wa kuniimbia, nisipotee."

"Mchukue huyu," Sadiki akamnyooshea Nyamizi kidole, akicheka hadi machozi. "Ametuchosha kwa kulalamika."

Nyamizi akanitazama mimi, kaka yake wa tumbo moja. Neno moja lingetosha: hapana. Lakini Sadiki alikuwa ameniahidi gitaa jipya, sikutaka kumuudhi. Nikacheka naye.

Kidole gumba cha Sadiki kikateleza kwenye santuri. Santuri zikakutana, sauti ikawa moja, halafu kimya, na sahani bado zinazunguka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nyamizi akafungua kinywa kuniita, hakikutoka kitu. Sauti yake tuliisikia nje, barabarani, ikiimba wimbo wa babu na kwenda zake upande wa Ujiji. Niliikimbilia mpaka relini. Njia ilikuwa tupu.

Zile santuri mpaka leo zinatoa mkwaruzo tu. Sadiki je? Alipata mwimbaji mwingine kabla wiki haijaisha, na mtindo wake wa kidole gumba anasifiwa nao. Gitaa alinipa. Nimelitundika ukutani, sijaligusa.

Nyamizi tunalima naye karanga huku Kipalapala. Hasemi. Ikifika saa saba anaweka jembe chini, anageukia magharibi, upande wa Ujiji, midomo inacheza, anamfuatisha mtu nisiyemsikia. Usoni hajanitazama tena.

Wewe unayesoma, ukisikia kwenye santuri sauti ya mtu ikizunguka na kujifukuza hivyo, inyanyue sindano upesi. Na akija mgeni mlangoni kuomba mtu, usimtoe wako hata kwa mzaha, wala usicheke na anayemtoa. Mimi nilicheka. Najua siku nitakapolala sijiwezi nitaisikia tena ile sauti, ikipita nje ya nyumba yangu na wimbo wake. Nitaiita, na haitaningoja.