Ripoti ya Maji ya Mume Wetu

Niliomba niwe nimekosea. Mwanafunzi wa maabara hapaswi kuomba dua ya namna hiyo, lakini wiki ile niliiomba kila nilipofungua kabati la joto kutazama sahani zangu za bakteria.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mkufunzi wetu alitupa kazi: kila mmoja alete maji au udongo kutoka popote, aoteshe bakteria asiyemjua, amtambue kwa vipimo, kisha aandike ripoti. Wenzangu walihangaika. Mmoja alichota maji ya bahari kule Raskazone, mwingine akabeba udongo wa shamba la mkonge kwenye mfuko wa rambo. Mimi ni mvivu na sikatai. Nilichota kwenye mtungi ulioko barazani kwetu Nguvumali, hatua tatu kutoka ninapovulia viatu.

Mtungi ule ni wa bibi yangu, mzaa mama. Babu alipofariki, bibi aliweka maji ya sabili: apitaye na kiu anywe bure, amwombee marehemu, na thawabu zimfikie huko aliko. Kila asubuhi anaujaza maji ya bomba. Kila Alhamisi anausugua na kuufukiza ubani. Juu ya mfuniko hulala kata ya kifuu aliyoletewa na ndugu zake wa Maramba. Magoti yamemkatalia safari, macho hayasomi tena msahafu, na hija hakujaliwa. Sadaka iliyombakia ni ile. Mimi ananiita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, na babu tunamwita mume wetu. Akishaujaza mtungi hujifuta mikono kwenye kanga na kuniambia, "Mke mwenzangu, mume wetu leo hana kiu."

Siku ya pili sahani yangu ilijaa madoa ya rangi ya waridi, na kwenye chakula tulichowaoteshea bakteria, waridi si rangi ya kufurahia. Nikapaka doa moja kwenye kioo, nikalitia rangi, nikatazama kwa hadubini: vijiti vifupi, vyekundu, vingi. Nikajiambia ni mikono yangu, nilichota bila glavu. Nikarudia kwa glavu na chupa iliyochemshwa. Madoa yaleyale. Nikapima na maji ya bomba kabla hayajaingia mtungini, nikitumaini lawama iende kwa wengine. Sahani ikatoka safi. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha matone: unadondosha dawa kwenye kichupa chembamba chenye bakteria wale, na juu ikijitokeza pete nyekundu, mambo yamekwisha. Nilidondosha huku nimefumba jicho moja. Pete ilikuja haraka, nyekundu kabisa, hata jirani yangu wa meza akanipongeza.

Alikuwa E. coli, bakteria wa utumbo wa watu na wanyama. Akionekana kwenye maji, maana yake kinyesi kimefika humo. Hakutoka bombani. Alitoka kwenye mikono iliyozamisha kata, siku nenda siku rudi, mikono ya watu wema waliokuwa na kiu.

Ripoti niliiandika nyumbani, alasiri, palepale barazani, kwa sababu ndani hakuna meza. Ilikuwa adhabu. Nimefika sehemu ya matokeo, anasimama dereva wa bodaboda, anainua mfuniko, anachota, anakunywa mpaka koo linapanda na kushuka. "Mungu amrehemu mzee," anasema, anarudisha kata. Naandika sentensi. Wanakuja watoto wa shule watatu, wanagombania kata, mmoja anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kuwapigia kelele. Bibi alikuwa mlangoni akiwaangalia, ametabasamu, nami nikainamia karatasi zangu kama mwizi.

Ripoti zetu huandikwa Kiingereza, na siku ile nilikishukuru. Kwa Kiingereza niliweza kuandika neno refu, safi, lisilonuka. Penye chanzo cha sampuli niliandika chombo cha maji ya kunywa cha umma. Sikuandika bibi. Hakuna mstari wa kuandikia bibi.

Mkufunzi wetu ni mama wa Kilutheri kutoka Lushoto, asiyecheka ovyo. Aliisoma ripoti mbele yangu mpaka mwisho, akasema imenyooka, vipimo vyote vimekubaliana, alama nitazipenda. Kisha akavua miwani.

"Na wenye maji umeshawaambia?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Nilitoka pale nikijichukia. Njiani nikaingia duka la dawa nikanunua vidonge vya kutibu maji. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: bibi hatajua, wapita njia hawataumwa, na sadaka itaendelea. Pakiti ilieleza kidonge kimoja kwa ndoo moja, na mtungi ule haufiki hata ndoo moja. Nikatia vitatu. Hofu haina kipimo, nami nilikuwa na hofu hata ya kivuli changu.

Siku ya kwanza dereva wa bodaboda alipiga funda moja akasita. Alitazama huku na huku, akayamwaga taratibu nyuma ya ngazi ili asimvunjie mwenye nyumba heshima. Siku ya tatu watoto wa shule walipita upande wa pili wa barabara. Watu wa kwetu hawatakwambia maji yako yananuka dawa. Watasema "ahsante, nimekunywa nilikotoka," na kesho watapita mbali zaidi.

Bibi akaona. Akadhani ni mtungi umezeeka. Akausugua Jumamosi, akausugua tena Jumatatu, akaufukiza ubani mpaka baraza nzima ikawa na moshi na mimi nikakohoa kitandani. Jioni akainua mfuniko na kukuta maji yamejaa vilevile kama alivyoyaacha asubuhi. Aliyamwaga kwenye mchicha, akajaza mapya. Mimi, baada yake, nikatia kidonge. Nilipunguza mpaka kimoja, lakini jina la mtungi lilikuwa limeshaharibika mtaani.

Ijumaa ile nilimkuta amekaa chini kando ya mtungi, miguu ameinyoosha, mkono juu ya mfuniko. Hakuniita mke mwenza.

"Labda hazipokelewi tena," alisema. "Sadaka ikikataliwa, watu huondolewa hamu nayo. Sijui nimekosa wapi."

Sikuweza kuendelea kumficha. Nilikaa naye sakafuni nikamwambia yote: chupa, sahani, pete nyekundu, vidonge. Kwa Kiswahili, kwa bibi yako, neno lile refu na safi halipo. Ilibidi niseme kinyesi. Nililisema nikitazama kucha zangu.

"Cha nani?" akauliza.

"Hakijulikani, bibi. Ni mikono ya watu. Wanazamisha kata, na mikono haikuoshwa vizuri."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nimepima mwezi huu tu."

Aliuondoa mkono juu ya mfuniko. Nikaanza kuongea haraka, kama kawaida yangu. Nikamwambia tutanunua ndoo ya mfuniko yenye koki, hakuna mkono utakaoingia tena, mwezi mmoja tu watu watarudi. Akasema sawa, koki ni nzuri. Alikubali haraka mno, nikajua sikuwa nimegusa panapouma.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "nimewanywesha watu, wakamwombea. Wengine wamerudi kwao wakaumwa matumbo, kwa mkono wangu. Sasa niambie wewe uliyesoma. Yeye kule amefikiwa na nini?"

Nikajibu lile ambalo kila mtu angejibu, kwamba Mungu anaangalia nia.

"Nia naijua, niliitia mwenyewe," alisema bibi. "Mimi nakuuliza maji."

Nilikuwa na ripoti ya kurasa kumi na moja juu ya maji yale, na hakuna hata ukurasa mmoja uliomtaja babu. Aliningoja. Alinitazama kwa heshima ile anayomtazamia daktari, mgongo ameunyoosha, mikono mapajani, mpaka akachoka kungoja, akashika ukuta, akainuka mwenyewe, akaupindua mtungi mdomo chini.