Kipande cha Mbao Chini ya Meza

Meza yetu ya pool ilikuwa imepinda, na pale Misigiri hilo halikuwa siri. Ilikaa kwenye kibaraza cha mgahawa wangu, upande mmoja ukitazama barabara kuu, upande wa pili ukitazama mlango wa jikoni. Sakafu ya kibaraza aliimwaga marehemu baba yangu, fundi mwashi aliyenyoosha nyumba za watu wote akaharakisha ya kwake, na kwa miaka ikadidimia upande wa jikoni. Meza ikadidimia nayo. Ukisukuma mpira taratibu kwa mstari ulionyooka, ulikwenda sawa hadi katikati, kisha ukaanza kujivuta kuelekea jikoni kana kwamba umesikia harufu ya mchuzi. Vijana waliuita mteremko huo Sekenke, kwa jina la ule mlima ulio mbele yetu, ambao malori huushuka kwa breki na dua. Mpira ukipinda walipiga kelele: "Umeshika Sekenke huo!"

Kitambaa nacho kilikuwa na kiraka. Nilikishona mimi mwenyewe kwa kipande cha sketi ya shule, na kwa kuwa mimi ni mpishi, mshono ule ulikuwa aibu tupu. Mpira ukipita juu yake ulikohoa kidogo. Nilisema nitanunua kitambaa kipya msimu wa alizeti, na misimu ikapita, na kiraka kikabaki.

Aliyeijua meza ile kuliko wote alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mama alifariki yeye akiwa bado anatambaa, nami nilikuwa msichana mkubwa tayari, kwa hiyo nilimbeba mgongoni hadi watu wa njiani wakadhani ni mwanangu. Alikua akiniamkia shikamoo kila asubuhi kama anavyomwamkia mzazi, hata alipokuwa na ndevu. Shule haikumpenda naye hakuipenda. Lakini mpe fimbo ya pool na chaki, utaona mtu mwingine kabisa. Alikuwa mtulivu, anazunguka meza polepole, anainama, anapumua, anapiga. Kwenye shimo la kona ya jikoni hakuwa akilenga shimo. Alilenga kulia kwa shimo, upana wa vidole viwili, kisha anasimama wima na kuanza kupaka chaki wakati mpira bado unatembea, maana alijua utakakoishia.

Nilijivunia sana. Niseme tu ukweli, nilijivunia hadi nikawa kero kwa wateja.

Tulikuwa na ligi yetu ya mchangani, timu nne: sisi, Kiomboi, Kinampanda na Shelui. Kila timu ilicheza nyumbani na ugenini, na kila timu ilikuwa na meza mbovu kwa namna yake. Ya Kiomboi ilibanwa kwenye chumba kidogo, ukitaka kupiga kutoka upande mmoja fimbo inagonga ukuta, basi wenyewe walikuwa na fimbo fupi waliyoikata kwa msumeno na wamejizoeza nayo. Ya Kinampanda raba yake ya pembeni ilikuwa imekufa, mpira ukigonga haurudi. Ya Shelui mashimo yalikuwa membamba, mpira unacheza mlangoni kisha unagoma kuingia. Hakuna aliyetengeneza. Mgeni akilalamika anaambiwa, "Kwenu pia kukoje?" Kila timu ilitunza ubovu wake kama mtu anavyotunza mbuzi wa maziwa, kwa sababu ubovu ndio uliokuwa unatupa pointi. Tulicheka sana siku zile. Mdogo wangu alikuwa ameshajifunza ubovu wa meza zote nne, na tukamaliza ligi tukiwa wa kwanza.

Ndipo ikaja habari kwamba mabingwa wa wilaya watakutana Singida mjini kwenye mashindano ya mkoa, na kwamba kutakuwa na mtu kutoka klabu moja ya Dar es Salaam. Mtu huyo alikuwa anatafuta mchezaji mmoja tu. Atakayechaguliwa atapewa chumba, mwalimu na mshahara wa kila mwezi, kazi yake iwe kucheza pool. Nilimwambia mdogo wangu arudie. Mshahara, kwa kucheza? Mdogo wangu alicheka, akasema, "Dada, mwenzio nitakuwa mfanyakazi." Usiku ule hakuna aliyelala vizuri pale nyumbani, na asubuhi nilimkuta tayari yuko kibarazani, anapiga.

Dereva mmoja wa lori la mizigo, mteja wangu wa siku nyingi, alisimama kula kabla ya kushuka mlima. Mtu mzima, ameota mvi, na enzi za ujana wake alikuwa amecheza kwenye vilabu vya mjini. Alimtazama mdogo wangu mchezo mzima. Alipomaliza kula akanifuata jikoni.

"Dada, yule kijana ni nani wako?"

"Mdogo wangu."

"Ana jicho. Ila hii meza inamharibu. Anapiga kwa kufuata mteremko. Mjini atakuta meza za jiwe chini ya kitambaa, zimenyooka kama maji kwenye beseni. Atalia."

"Sasa tufanyeje?"

"Inyooshe. Mwezi mmoja unamtosha kuzoea. Atapoteza mwanzoni, mwache apoteze."

Mwezi mmoja na siku kidogo ndio uliokuwa umebaki.

Sikumwambia mtu. Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, nilitoa pimamaji ya baba iliyokuwa imening'inia nyuma ya mlango pamoja na mwiko wake. Niliiweka juu ya meza. Kile kipovu cha hewa ndani ya kioo kilikimbilia upande wa barabara kikakaa huko, na nilihisi kama baba amenigeuzia uso. Nikachukua kipande cha mbao ya mninga, nikakichonga kwa panga la kuni, nikainua meza kwa bega na kukisukuma chini ya mguu wa upande wa jikoni. Nikapima tena. Nikachonga tena. Mara ya tatu kipovu kilikaa katikati. Nilifuta jasho, nikaenda kubandika chai.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilitaka azoee bila kujua, kama mtoto unavyomchanganyia dawa kwenye uji.

Mchana ule walikuja vijana wa Shelui kwa mchezo wa kirafiki. Mdogo wangu alifungwa michezo mitatu mfululizo, nyumbani kwake, mbele ya watu waliozoea kumshangilia. Mipira yake yote ya kona ya jikoni ilikwenda pale pale alipolenga, ikagonga pembeni, ikarudi. Watu walianza kwa kumtania, kisha wakageukia sahani zao. Aliingia jikoni akaketi kwenye kigoda karibu na jiko. Nilimpakulia ugali na mlenda, hakugusa.

"Dada," alisema, akitazama kiganja chake, "mkono wangu leo sio wangu."

Kisha akalia. Mwanamume mzima mwenye ndevu. Sikuwa nimemwona akilia tangu alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa na miaka saba.

Ilinipasa kumwambia pale pale. Ningesema: mkono wako ni mzima, mdogo wangu, ni meza iliyokuwa inakudanganya. Maneno hayo ni mepesi, hata sasa nikiyaandika hayachukui nusu mstari. Badala yake nilimwambia apumzike, ni uchovu tu. Na asubuhi iliyofuata, kabla hajaamka, niliinua meza kwa bega lile lile na kukitoa kile kipande cha mbao. Nilikitupa kwenye rundo la kuni. Jioni yake alishinda michezo yote, akaja jikoni anaimba, akala sahani mbili. Nami nilifurahi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimewaambia wanawake wenzangu methali hiyo mara ngapi, nikiwaonyesha kidole.

Singida tulikwenda watu kumi na wawili, tumevaa fulana za rangi moja. Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi, Jumamosi mchana. Mgeni rasmi alichelewa, akahutubia kwa kirefu kwamba michezo ni ajira na kwamba vijana wa Singida wana vipaji, akapiga mpira mmoja kwa ajili ya picha, akakosa, akapigiwa makofi, akaondoka kabla mchezo wa kwanza haujaanza. Nilitamani kumuuliza: hivyo vipaji umevinunulia nini? Wilaya nzima hatukuwa na meza moja iliyonyooka, wala mtu mmoja wa kumwambia kijana, shika fimbo hivi. Lakini na mimi nilikuwa na pimamaji nyumbani, kwa hiyo niliufunga mdomo wangu.

Meza zilikuwa mpya, kitambaa chake laini hadi nikaogopa kukigusa. Mtu wa klabu alikuwa mfupi, mpole, ana daftari. Alisimama karibu na meza ya mdogo wangu tangu mwanzo, maana sifa zake zilikuwa zimefika.

Mdogo wangu alianza vizuri. Mashuti ya nguvu hayajali mteremko, na alipovunja, mipira miwili iliingia. Mtu wa klabu akaandika kitu. Kisha ukaja mpira wa taratibu wa kona ya kushoto, ule ambao kwetu angeupiga amefumba macho. Alizunguka, akainama, akapumua, akapiga, akasimama wima na kuanza kupaka chaki. Mpira ulikwenda moja kwa moja upana wa vidole viwili kulia kwa shimo. Hakuuona hata ulipogonga. Aliposikia watu wakiguna ndipo akageuka.

Sikuweza kukaa. Nilisimama nyuma ya kiti changu nikishika mgongo wake. Kila mpira wa taratibu ulikuwa vile vile, vidole viwili, vidole viwili. Mchezo wa pili alianza kujirekebisha, akazidisha, akakosa upande wa pili. Mara moja aliinua kichwa akanitafuta kati ya watu. Alinitazama kwa muda, uso wake umetulia, nami nikampungia mkono na kutabasamu. Mpinzani wake alikuwa kijana wa mjini mwenye jicho la kawaida tu, ila amekulia kwenye meza ya sawa. Mpira mweusi ulipobaki peke yake mlangoni mwa shimo, mdogo wangu aliukosa huo pia. Mtu wa klabu alifunga daftari, akahamia meza ya jirani.

Kwenye basi la kurudi aliketi dirishani. Nilimpa yai la kuchemsha, akalishika hadi Misigiri.

Wiki hiyo alimpa rafiki yake fimbo na chaki, akaenda Sekenke kwenye mashimo ya dhahabu. Huko wanachimba kwa sururu na kubeba mawe kwa viroba, na vumbi lake haliondoki kwenye ngozi hata uoge mara tatu. Alikuwa akipiga simu Jumapili. "Shikamoo dada, mko wazima?" Tunaongea habari za mvua. Siku aliyoondoka nilitafuta kile kipande cha mbao kwenye rundo la kuni, nikakikuta hakijaungua, nikakirudisha chini ya mguu wa meza. Kitambaa nikabadilisha pia. Vijana walilalamika mwezi mzima, kisha wakazoea. Mwezi mmoja, kama dereva alivyosema.

Alikuja Krismasi. Amekonda, mabega yamekuwa makubwa, anakohoa. Tulipomaliza kula akatoka kibarazani, akachukua fimbo yoyote ile, akaweka mpira mmoja kando ya upande wa barabara. Akainama. Aliulenga katikati ya shimo la kona ya jikoni, sio kulia, katikati kabisa, na ukaingia bila kugusa pembeni.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimweleza yote pale pale, nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi: dereva, pimamaji, kipande cha mbao, jinsi alivyolia nami nikakitoa. Nilisema nisamehe. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiizungusha fimbo kiganjani.

"Nilijua, dada," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile niliyofungwa na Shelui, nilitoka jikoni kwako nikaenda kuitazama meza. Nikakiona kile kipande. Nikajua dada ananinyooshea meza, nikasema sawa, kesho naanza upya, nitazoea tu. Nilikuwa nimefurahi kweli. Asubuhi nimeamka nikakuta umekitoa."

Alirudisha fimbo ukutani, taratibu.

"Nikasema, dada aliyenilea ameniona siwezi."

Nilijifunika uso kwa kile kitambaa cha vyombo. Alinishika bega akaniambia nisilie, mambo yameshapita, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayembembeleza mtoto. Kesho yake aliniamkia shikamoo, akanywa chai, akapanda lori la kuelekea Sekenke. Wateja wanaisifu sana meza yangu siku hizi. Wanasema kutoka Singida hadi Nzega hakuna iliyonyooka kama hii.