Chaguo la Nkwimba

Harufu ya maziwa yaliyoanza kuganda, imechanganyika na moshi wa samadi, ndiyo iliyokuwa ikiniambia kwamba Nkwimba amefika, kabla hata sijainua kichwa. Tulikaa dawati moja kidato cha tatu na cha nne, katika shule ya kata hapa Kiberege. Alikuwa anaamka alfajiri, anakamua, ndipo anatembea kutoka bomani kwao kule bondeni, na harufu hiyo alikuja nayo kwenye sweta. Wengine walikunja pua. Mimi niliipenda, ingawa sikuwahi kusema, kama ambavyo sikuwahi kusema mambo mengi. Mwalimu akinitaja jina tu, shingo inapata moto na maneno yanagoma kutoka. Nkwimba hakuwa hivyo. Akiingia, Deo wa dawati la nyuma anampigia kelele kwa salamu ya kwao ya Kisukuma, "Mwangaluka, mama ng'ombe!" naye anajibu kwa sauti ileile, "Mwangaluka, mwanangu, umeshanyonya?" Darasa zima linaangua kicheko.

Kidato cha nne, msimu wa kuvuna mpunga, walimu hawakuwa na wimbo mwingine ila machaguo. Tulipewa maelezo ya fomu tunayoiita selfomu: unaandika tahasusi, yaani masomo matatu matatu, unazotaka kidato cha tano, unaandika na vyuo, na serikali inakupanga kulingana na ulichoandika na ulichofaulu. Wengi wetu tuliandika tulivyosikia kwa wenzetu. Mimi nilitaka ualimu kwa sababu mama alitaka ualimu. Nkwimba peke yake ndiye niliyemwona anajua. Mapumziko tulikuwa tunakaa nyuma ya maktaba, mimi nimeleta pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, kutoka nyumbani, yeye mtindi kwenye chupa ya maji, tunachanganya na kula kwa kijiko kimoja. Hapo ndipo aliponiambia kwamba anataka chuo cha mifugo. Ndama watano walikuwa wamekufa kwao mwaka uliotangulia, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyejua kwa nini. Alikuwa ameshamuuliza baba yake. Mzee yule hakupenda shule ya mtoto wa kike iendelee, lakini kwa hili alisema, "Kama ni chuo cha ng'ombe, nenda hata kesho." Nkwimba alimwigiza hivyohivyo, na fimbo ya kufikirika begani, nikacheka mpaka mtindi ukanipalia.

Wiki ya kujaza fomu, ng'ombe waliingia kwenye mpunga. Lilikuwa shamba la kina Deo, mpunga umeshaiva, umelala chini ekari nzima. Ng'ombe hawakuwa wa kina Nkwimba, walikuwa wa boma jingine, lakini kijijini hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza alama ya ng'ombe ni ya nani. Baba yake aliona bora aondoe mifugo mapema, akamchukua Nkwimba na kaka zake wakaswaga kundi kuelekea upande wa Malinyi. Jioni kabla ya kuondoka Nkwimba alipita nyumbani kwetu. Alisimama nje ya uzio, hakutaka kuingia, kwa sababu baba yangu naye ni mkulima na alikuwa na hasira kama wengine. Aliniambia, "Madam akileta zile fomu, mwambie chuo cha mifugo. Cha kwanza mpaka cha mwisho, mifugo. Usisahau, dada." Nikamwambia sitasahau.

Siku ya tatu Madam Salome, mwalimu wetu wa darasa, alisimama mbele na fomu iliyobaki moja. Alisema kesho zinapelekwa, na ya Nkwimba haina kitu. "Nani anajua alitaka kusoma nini?" Nilikuwa najua. Nilikuwa na maneno yenyewe mdomoni, kama alivyoyasema. Lakini kabla sijafungua mdomo Deo alisema kutoka nyuma, "Mwandikie kulisha mpunga, Madam, hiyo ana uzoefu nayo." Safari hii kicheko hakikuwa kile cha kila siku. Kilikuwa na meno. Nikafikiria nikisimama na kusema chuo cha mifugo, kicheko kile kitanigeukia mimi, na wataniuliza tangu lini mimi ni mtu wa wafugaji. Madam aliwanyamazisha, akaangalia dawati letu. "Wewe mwenzake, hakukuambia?" Nikatikisa kichwa. Kutikisa kichwa kulikuwa rahisi, hakuhitaji sauti. Madam akasema basi, huyu Historia na Kiswahili anafanya vizuri, tumjazie masomo ya sanaa, na akaanza kuandika.

Ningeweza kumfuata ofisini baada ya kipindi. Nilifika mpaka kwenye ngazi, nikakuta walimu wengine wanakunywa chai, nikarudi. Nkwimba aliporudi kwa ajili ya mtihani aliniuliza, nikamwambia Madam alishajaza. Sikusema alijaza nini. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata daraja la tatu, ambalo kwa chuo cha mifugo lilitosha kabisa, na dirisha la kubadilisha machaguo lilifunguliwa mtandaoni. Mimi nilikwenda Ifakara, kwenye duka la steshenari, nikabadilisha ya kwangu. Nilikuwa na namba ya simu ya baba yake. Nilipiga, akapokea yeye mwenyewe, sauti nzito, "Halo, nani?" Nikakata. Sikupiga tena. Nkwimba akapangiwa shule ya bweni mkoa wa Ruvuma, kusoma Historia, Jiografia na Kiswahili, na baba yake akasema hatampeleka binti yake mbali hivyo akasome habari za watu waliokwisha kufa.

Mimi sasa niko kidato cha sita. Likizo hii nilimkuta Kibaoni, anauza maziwa na madumu yake mawili. Alinikumbatia kabla sijajua niweke uso wapi. Kisha akatoa kwenye mkoba chupa ya dawa ya sindano, akaniomba nimsomee kile Kiingereza kigumu cha dawa kilichoandikwa ubavuni, kwa sababu nyumbani yeye ndiye anayechoma ng'ombe sindano na anakisia tu. Ilikuwa imeandikwa dozi kwa kilo za uzito wa mnyama, na onyo kwamba ikizidi inaua. Nilipomwambia, aliichukua chupa akaitazama. "Mwezi uliopita nimeua jike lenye mimba," akasema. "Nilidhani ni ugonjwa." Nikaanza kusema habari ya fomu, sentensi ikakatikia njiani. Akanipiga bega. "Aa, yale? Ulisahau, dada. Mtihani ulikuwa karibu, hata mimi ningesahau." Nikaitikia, "Ee, nilisahau." Akanijazia kikombe cha maziwa na hakutaka nilipe.

Shuleni kwetu sasa tuna mwalimu wa ushauri. Anatuita mmoja mmoja kuzungumza kozi za chuo kikuu, mlango umefungwa, hakuna mtu wa nyuma wa kucheka, na anasubiri hata ukikaa dakika nzima bila kusema. Mara ya kwanza kukaa kwenye kile kiti nililia, akadhani naogopa mitihani. Nilikuwa nawaza kwamba kama Kiberege kungekuwa na chumba kama hicho, leo Nkwimba angekuwa amevaa koti jeupe, anawapima ndama kabla ya kuwachoma. Nimelifikiria hilo siku nyingi na nimegundua ninalipenda kwa sababu linanitoa mimi lawamani. Ngazi za ofisi zilikuwepo. Simu ilipokelewa. Juzi pale Kibaoni tulikuwa wawili tu, na aliyekuwa mbele yangu si mtu wa kunicheka. Nina miaka kumi na tisa, mara tatu nimepewa nafasi kwa upole, na Madam, na Nkwimba aliporudi kwa mtihani, na Nkwimba tena Kibaoni, na zote tatu nimeficha ukweli.