Asubuhi Niliyofagia Tetemeko la Ardhi

Naikumbuka hata leo, mwanangu, asubuhi ile niliyofagia tetemeko la ardhi. Usicheke bado. Lilikuwa tetemeko la Wagiriki wa kale, na mimi Mutiso, dereva kutoka Machakos, nililikuta sakafuni katika gereji moja ya Al-Malqa kule Riyadh, nikalisafisha vizuri kabisa.

Ilikuwa miaka ile mawakala walipokuwa wakitusomba vijana wa Kenya kwenda Saudia, na wanawake wa huko walikuwa hawajaruhusiwa kushika usukani. Nilimwendesha Daktari Huda, mjane wa makamo, mwalimu wa chuo kikuu. Mimi nilimwita madam. Kazi yake ilinishangaza tangu siku ya kwanza, kwani alitafuta matetemeko yaliyokwisha zamani. Alisoma vitabu vya Wagiriki wa kale vinavyosimulia jinsi ardhi ilivyotikisika na miji ikaanguka, kisha akayasoma magofu yenyewe: ukuta umelalia wapi, nguzo imeangukia upande gani, paa limefunika nini. Kitabu na jiwe vikikubaliana, alifurahi. Vikikosana, alifurahi zaidi. Alinisimulia hayo kwenye foleni za magari, na kwa utamu wa simulizi hizo nilipitiliza kona mara nyingi tu.

Mwaka ule alihangaika na hekalu moja. Mwandishi wa kale alisema liliangushwa na tetemeko, nguzo zake zikalala zote upande mmoja. Wataalamu wenzake walisema huyo alitunga, maana alizaliwa muda mrefu baada ya tukio. Kwao, watu ndio waliozivuta nguzo kwa kamba wapate mawe ya kujengea. Basi madam akatengenezewa jukwaa la chuma, pana kama kitanda, lenye springi na mota. Juu yake akasimamisha nguzo ndogo za vipande vya plasta, kimoja juu ya kingine. Jioni moja akaliwasha, zikaanguka. Kabla hajapiga picha wageni wakaingia, akafunga gereji ili apime kesho yake. Mimi sikuwepo, wala sikujua limewashwa.

Wakala wetu alituhubiria Nairobi wiki mbili nzima kwamba mwenye nyumba asikute kitu kimezagaa, asije akakuona mvivu. Nami nilikuwa na miezi minne tu kazini, nikitafuta sifa. Nilipofungua gereji asubuhi kutoa gari na kukuta vile vipande vimetapakaa sakafuni kando ya jukwaa, nilivikusanya, nikafagia, nikavipangusa vumbi, nikavipanga pembeni vikapendeza. Kisha nikamsikia madam ndani ya nyumba akimwambia mtu kwa simu kwamba anashuka kupima nguzo zake zilivyolala. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Ningesema palepale, yangekwisha palepale. Lakini kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, alikuwa kaka yake madam, mtu mkali, na neno lake moja lingenipandisha ndege ya kurudi nyumbani. Nilivichota vile vipande kwa mikono miwili nikavitupa kuzunguka jukwaa kama mtu anayewarushia kuku mahindi. Halafu nikaenda kuosha gari.

Madam alipima asubuhi nzima. Alipotoka macho yalikuwa yakimwaka. Nguzo zimeangukia kila upande, aliniambia, kwa hiyo tetemeko halizilazi nguzo kwa mstari, kwa hiyo yule mwandishi ni mwongo, na wiki ile ile atakwenda kulisema hilo Jeddah mbele ya wataalamu. Njia nzima ya kwenda Jeddah alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake kiti cha nyuma, akinitaka nimuulize maswali. Niliona aibu, mwanangu. Mtu aliyekufa zamani anaitwa mwongo kwa sababu yangu, na mama wa watu anakwenda kujiaibisha mchana kweupe.

Tulifikia kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Hamra. Alasiri nikapewa ruhusa, nikaenda mtaa wa Al-Hindawiyah kwa Mzee Odhiambo, fundi wa mawe kutoka Siaya, ambaye sisi Wakenya tulimfanya baba yetu kule. Nilimsimulia nikitumaini atacheka. Hakucheka.

"Kijana, kufagia si kosa. Ulifagia kwa kutojua," alisema. "Lakini ile kutupa mawe upya, hiyo ulifanya ukijua. Sasa unangoja nini, mpaka asimame mbele ya maprofesa?"

Nilimwambia naogopa kurudishwa nyumbani. Akasema kurudishwa ni safari ya saa chache, lakini uongo nitakwenda nao popote. Njia ya mwongo ni fupi, akaongeza, akanifungulia mlango bila hata kunipa chai.

Nilirudi nikamkuta madam ukumbini na karatasi zake. "Madam, mashine haikuangusha vile ulivyoona," nilimwambia. "Nilivitupa mimi."

Nikaeleza yote. Moyoni nilikwisha anza kupanga sanduku. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa.

"Kabla hujavigusa, vilikuwa vimelalaje?"

Nikafumba macho. Nilivikusanya kwa mkono upi? Niliinama wapi? Nikakumbuka kwamba nilianzia mlangoni nikaenda moja kwa moja hadi ukutani, na upande wa pili sikugusa chochote kwa sababu hapakuwa na kitu. Nilimchorea: vyote vililala upande mmoja. Madam akainuka kitini. Alisema sasa nimekuwa kama yule mwandishi wake: atayaandika maneno yangu, lakini hataniamini mpaka mawe nayo yaseme.

Basi tulimwomba bibi, mama yake madam, fimbo moja ya pazia, nikaikata vipande vya duara, tukalaza ubao juu ya mabomba uani, tukavipanga juu yake viwe nguzo, nami nikawa mota. Nikasukuma, nikavuta. Zikaanguka! Tukazipanga tena, zikaanguka tena, na tena, hadi jasho likanitiririka na bibi akatoka na kiti chake kutazama. Si zote, lakini nyingi zililala upande mmoja. Madam alipiga makofi. Mimi nilirukaruka kama niliyefunga goli, dereva mzima, kwa ajili ya hekalu ambalo sijawahi kuliona wala sitaliona.

Kesho yake aliwaambia wataalamu kwamba jaribio lake la kwanza liliharibika na amelitupa, la pili ni la mkono na halitoshi, na kwamba yule mwandishi wa kale asiitwe mwongo kwa haraka. Kafili hakuambiwa. Mimi nilikatazwa kuingia gereji na ufagio, na nikapewa kazi mpya ya kupiga picha kabla ya kitu chochote kuguswa.

Mwanangu, utakosea, kwa sababu unafanya kazi. Kosa likishaanguka, liache lilale lilivyolala, umwite mwenye kazi aje alione. Usilipange lipendeze, wala usilitawanye upya lionekane la mtu mwingine, maana yuko atakayekuja kulisoma na kujengea juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukiulizwa ulichokiona, sema ulichokiona tu, usiongeze chumvi.

Mungu akupe ulimi usioogopa kaka wa mtu yeyote. Akukutanishe na mwalimu ambaye ukikiri kosa mbele yake atakuuliza swali kabla ya kukufukuza, na siku ukiwa wewe ndiye mkubwa, akujalie uulize swali hilo.