Kikapu Hakijitwiki

Saa mbili asubuhi, katika zahanati ya shamba moja la chai huko Darjeeling, Pabitra Rai anainama kuinua sanduku la kilo kumi na tano. Linafika magotini tu. Bega la kulia linakataa. Anajaribu tena, jasho linamtoka, kisha analitua.

"Basi, dada, inatosha," anasema Yangden Bhutia, mtaalamu wa viungo aliyetumwa kupima kama mama huyu anafaa kurudi kazini. Kalamu yake iko tayari.

Pabitra ana miaka arobaini na sita. Amechuma chai kwa miaka ishirini na miwili, sasa kwa rupia 250 kwa siku. Miezi mitano iliyopita aliteleza mtelemkoni, akavunjika bega. Nyumba anayoishi na mama mkwe wake ni ya shamba. Asiyeweza kazi huihama.

"Nilimwomba Mungu anipe maneno," Pabitra atasimulia baadaye. "Akayapitisha dirishani."

Dirishani anachungulia Sanchamaya, jirani yake tangu usichana, na wachumaji wenzake.

"We mdogo wangu, " Sanchamaya anamwambia Yangden, "nani kakudanganya chai tunabeba mikononi? Sisi wapagazi wa stesheni?"

"Na hilo sanduku linachumwa mti gani?" mwingine anadakia. Wanaangua kicheko.

Yangden naye anacheka, anafunga daftari. "Haya, nionyesheni."

Mtelemkoni, kikapu kinajazwa kilo ishirini. Pabitra anachuchumaa, anauweka mkanda wa kukibebea kwenye paji la uso, kisha anatulia.

"Mbona husimami?"

"Nisimame na nani? Nitwike!"

Huku hakuna anayejitwika. Hata mwenye mabega mazima hungoja mwenzake. Yangden anashika kitako cha kikapu, anasukuma. Pabitra anainuka, anapanda hadi kwenye mizani ya kupimia chai na kurudi. Mtaalamu anamfuata mikono mitupu, akihema.

"Lakini mkono hauvuki kifua, dada."

"Na michai imevuka kiuno?"

Cheti kinaandikwa palepale, juu ya kikapu: anafaa kuchuma, kutwikwa na mwenzake, kama ilivyo desturi.

Pabitra anakusudia kuchuma miaka kumi na miwili iliyobaki kabla ya kustaafu. "Mungu akitaka nitue, atanitua mwenyewe," anasema, kisha anageuka. "Sanchamaya! Umesimama kama mlingoti. Njoo unitwike, jua linapanda."