Bamba Moja Zaidi

Ilikuwa mwaka 1955, nami nilikuwa na miaka tisa, taabu ilipoingia kwetu Kindu. Iliingia na harufu ya mawese juu ya chuma chenye kutu. Hata leo mke wangu akipasha mawese jikoni, natoka nje. Amezoea, haulizi.

Papa alikuwa fundi wa makamyo kwenye kinu cha mpunga, karibu na stesheni. Kazi yake kubwa ilikuwa resori za nyuma, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yanayobeba gari. Makamyo yalitoka vijijini na magunia hadi juu, barabara yote mashimo, mabamba yakavunjika kila wiki. Papa aliondoa lililovunjika, akatia mawili mahali pa moja, akapaka mawese katikati, maana grisi ilikuwa adimu, ya kubembeleza. Kamyo iliyopita mkononi mwake hairudi upesi. Mji mzima uliijua sifa hiyo.

Basi shefu wa kinu, Muzungu, akaletewa kwa treni kigari cha mashindano, chekundu, viti viwili, bila paa, kimelala chini kama mamba. Mashimo yetu hayakukionea huruma. Nyuma kikainama upande.

"Ramazani, tengeneza. Jumapili natembea na madamu."

Papa alikuwa na tumbo. Hata tukikiinua kwa kriki, hakuweza kupita chini yake. Nilipita mimi. Siku mbili nililala chali, kutu ikiniangukia machoni, nikifungua buloni kwa ufunguo wa fundi na kumpitishia mabamba. Yeye aliyapinda upya kwa nyundo, akayapaka mawese, nami nikayarudisha. La mwisho lilikuwa geni, nene, la kamyo, amelikata kwa msumeno.

"Papa, hii haikuwa mu gari."

"Najua. Naongeza nguvu."

"Lakini zingine zote njo nyembamba."

"Fundi njo wewe, ao mimi? Kaza!"

Nikakaza. Tulipokishusha, papa akakalia nyuma na tumbo lake lote. Hakikushuka hata upana wa kidole. Akacheka, akanibeba begani. "Hii sasa njo gari!"

Nikakimbia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, kutangaza kwamba gari la Muzungu nimelitengeneza mimi. Wenzangu wakanizomea. "Muongo! Jifute makamasi kwanza!"

Jumapili, kwenye kona ya reli, nyuma ya gari ikaruka kama mbuzi, likaacha barabara. Muzungu alitoka na mikwaruzo. Madamu alivunjika mguu mara mbili.

Kesho yake polisi alisimama mbele ya garaji, watoto wote wa kambi nyuma yake.

"Ramazani, nani alifanya kazi hii?"

"Mimi."

"Na chini ya gari nani aliingia? Wewe, na tumbo hilo?"

Papa hakunitazama. "Mimi peke yangu. Huyu mutoto hajui hata kushika ufunguo. Kila siku namfukuza hapa."

Wenzangu wakaangua kicheko. "Tulisema!"

Nawaambia ukweli, nililia, lakini sikumlilia papa. Nililia sifa yangu. Nikapiga kelele: "Anadanganya! Ni mimi nilikaza!" Papa akanipiga kofi, nikaanguka. Polisi akacheka, akaona mtoto mjinga, akanisahau.

Walimchapa fimbo mbele ya kambi, akafungwa buloko, kisha akapakiwa mashua ya kushuka na mto, kwenye gereza la mbali. Mama alimpelekea chakula bandarini. Mimi sikwenda. Nilikuwa bado nimenuna. Papa hakurudi, wala hatukuambiwa alifia wapi.

Nilikuwa na garaji yangu na mwana wangu wa kwanza amelala chini ya kamyo, akikaza, ndipo nilipotulia nikaelewa. Resori ya gari jepesi inatakiwa iiname, la sivyo gari linaruka. Papa maisha yake yote aliona magunia tu, akadhani nguvu haizidi. Na sifa yangu hakuniibia. Alikuwa ananitoa mikononi mwao, nami nikapiga kelele nirudishwe.

Shule niliishia darasa la pili. Hakuna aliyenipa hata msumari. Leo nina garaji mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, nyumba tatu za matofali, kamyo mbili, mashine ya kukoboa mpunga, pikipiki tano za taksi, watoto wanane. Kaburi la papa sina.